Jozi ya Nne

Mwongozo wangu wa mtihani ulikuwa na kurasa kumi na moja, na ukurasa wa tatu ulinikataza kutikisa kichwa. Nisitabasamu, nisiseme "enhee", nisimdokeze mtu neno hata akikwama mpaka jasho limtoke. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni, kuwasha kinasa sauti cha simu na kujaza alama. Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya pili juu ya namna ya kupima uwezo wa watu wazima kuongea Kiingereza, na mwongozo ule niliuamini kuliko nilivyowaamini watu niliowapima. Leo nalisema hili kwa aibu kidogo, lakini wakati ule nilijiona mtu makini kweli kweli.

Darasa lenyewe lilikuwa Iguguno, ninakofundisha sekondari. Kwa miezi mitano, kila Jumamosi asubuhi, wanakikundi kumi na wawili wa kukamua alizeti walikuja kwenye chumba cha kidato cha pili, wakabanana kwenye madawati ya watoto huku magoti yakigonga mbao. Walitaka Kiingereza cha kuongea tu. Cha kuandika walikikataa siku ya kwanza, wakasema barua zao zina katibu. Sababu yao ilikuwa wageni. Kampuni inayonunua mafuta yao huleta wageni kutoka nje kuangalia mashine na kuuliza maswali, na wageni hao Kiswahili hawakijui hata cha kuomba maji. Kampuni ilikuwa imekubali kumsomesha mwanakikundi mmoja Arusha kwa miezi mitatu ili awe msemaji wa kikundi. Mmoja tu. Wakakubaliana apatikane kwa mtihani, na mtihani niutunge mimi, kwa sababu sikuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Mimi ni Mnyaturu wa Mwankoko, wao karibu wote ni Wanyiramba.

Aliyeitaka nafasi ile kuliko wote alikuwa mwenyekiti wao, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyeishia darasa la saba. Hakuificha hamu yake.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "mimi wageni wakija naongea mpaka koo linakauka. Nawaeleza habari ya mbegu, habari ya mvua, mashine inavyotusumbua. Yule bwana wa kutafsiri anageuka, anasema maneno matatu, wageni wanacheka. Sasa wanacheka nini? Mimi sijasema la kuchekesha. Nataka nijisemee mwenyewe kabla sijafa."

Nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kuongea naye Kiingereza, kwa hiyo aliongea na mashine. Akimimina alizeti anaiuliza kwa Kiingereza, kwa nini leo una kelele, jana hukuwa hivi, na wenzake wanamcheka, naye haachi. Kufika mwezi wa nne alikuwa ananiuliza maswali ambayo nilijifanya nayahifadhi kwa ajili ya kipindi kijacho, kumbe naenda kutafuta majibu.

Wa pili kwa ubora alikuwa fundi wa mashine hiyo hiyo, mwanaume wa miaka ishirini na nane, mpole, mwenye msamiati wa ajabu alioutoa kwenye vitabu vya injini. Hawa wawili walikuwa raha ya darasa langu. Walibishana kwa Kiingereza miezi yote mitano: mkanda wa mashine ubadilishwe au ufungwe, mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, yauzwe kwa wafuga nguruwe au wafuga kuku. Wengine waliacha mazoezi yao wakawasikiliza.

Mwongozo ulisema mtihani ufanywe wawili wawili, na wenye kiwango kimoja wakae pamoja, wapewe kadi yenye jambo la kupanga, wajadiliane, wapingane, wakubaliane. Hapo ndipo lugha inapoonekana. Sikufikiri mara mbili. Mwenyekiti na fundi niliwaweka pamoja, jozi ya nne, nikawa naisubiri kama mtoto anavyosubiri pilau ya sikukuu.

Jozi tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Mwenye duka la pembejeo, aliyekuwa jozi ya tatu, aliongea Kiingereza kilichovunjika kila mahali, lakini alimkazia mwenzake macho na hakunyamaza hata sekunde moja, na mwongozo wangu ulimpenda.

Kisha nikaita jozi ya nne. Fundi aliingia kwanza, akakaa. Mama akafika mlangoni, akamwona aliyekaa, akasimama. Alijitanda kitenge upya mpaka kwenye paji la uso. Akaingia akipita kando ya ukuta, akakichukua kiti nilichomwekea, akakivuta mpaka dirishani na kukaa ubavu ubavu, uso ukielekea nje. Fundi naye akageuza kiti chake, akabaki anaangalia viatu vyake. Kati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni.

Nikasoma kadi. Wageni wanakuja siku mbili, wanatokea upande wa Shelui kwa gari. Pangeni walale wapi, wale nini, waone nini kwanza. Dakika nane.

Nikaangalia saa ya simu: sekunde arobaini. Kuku walipita nje ya dirisha na mama akawa anawaangalia kana kwamba wanamhusu. Halafu akaanza kuongea, kwa Kiingereza kizuri tu, lakini na mimi. "Madam," akasema, na kuendelea. Nikamwonyesha kwa mkono, si mimi, yeye pale. Akainama zaidi. Fundi akakohoa, naye akasema, "Madam," akaendelea na mambo yake akiwa anaongea na sakafu. Nikaonyesha tena kwa mikono miwili, mmoja huku mmoja kule, kama trafiki wa pale mjini. Kila nilivyozidi kuwaelekeza wakutane ndivyo kila mmoja alivyozidi kujikunja upande wake.

Nilishindwa kujizuia. Nikavunja sheria ya ukurasa wa tatu, nikauliza kwa Kiswahili, "Kwani mmegombana?"

Wote wawili waliruka. "Hapana, mwalimu!" alisema mama. Fundi alisema, "Hata kidogo, madam," na jasho lilikuwa linamtiririka. Kisha wakarudi kule kule, madam hivi, madam vile, mpaka dakika nane zikaisha. Mama alitoka bila kuaga, na huyo ni mtu ambaye hata akitoka kwenda kunywa maji huaga.

Nilikasirika. Niliona wamenichezea, na wamejichezea wenyewe. Katika jedwali palikuwa na kipengele cha kujibizana ana kwa ana, alama tano. Niliwapa moja kila mmoja, nikaandika pembeni: "Wanamtegemea msimamizi wa mtihani." Jioni ile nikamtumia sauti zote msahihishaji wa pili, mhadhiri wa Dodoma ambaye sijawahi kumwona, tunajuana kwa ujumbe wa simu tu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kutoa alama bila kujua nani ni nani wala mimi nimetoa ngapi. Jumapili akarudisha. Jozi ya nne: moja na moja. Msimamizi wangu wa utafiti akafurahi sana. Aliniandikia kwamba wasahihishaji wawili tukikubaliana namna ile, ni ishara kwamba kipimo ni imara.

Kwa hesabu hiyo aliyeongoza ni mwenye duka la pembejeo. Jina lake lilitakiwa kupelekwa kwa kampuni Ijumaa.

Jumatatu baada ya vipindi, mhazini wa kikundi alinipitia shuleni kuchukua daftari alilosahau. Yeye alikuwa jozi ya sita. Nikamweleza, maana jambo lilikuwa limenikaa kooni: mwenyekiti wenu kapatwa na nini? Mhazini akashika mdomo. Akaanza kucheka, akajaribu kuacha, akashindwa.

"Mwalimu, umewakalisha mtu na mkwewe?"

"Mkwe gani?"

"Barua ya posa imepokelewa Jumatano. Yule binti yake anayeshona kule Shelui. Mshenga alikuja na wazee wa upande wa fundi, wakakubaliwa. Wewe Jumamosi unawaambia waangaliane!" Akajifuta macho. "Hukuona alivyojifunika kitenge?"

Kitenge nilikiona. Nilikiona kwa macho yangu kikishuka mpaka kwenye nyusi. Na hili ndilo linalonichanganya mpaka leo, kwa sababu siwezi kusema sikujua. Mimi ni mtoto wa Singida. Baba yangu alikuwa akisikia sauti ya bibi, mama yake mama, anatoka upesi kwa mlango wa uani hata kama amevua viatu. Waliheshimiana miaka yao yote bila kula chungu kimoja, na shida zao walizipeleka kupitia kwetu sisi watoto: kamwambie baba yako hivi, kamwambie bibi vile, wakati wote wawili wamesimama pande mbili za ukuta mmoja na wanasikiana vizuri. Nimetumwa hivyo mara ngapi? Ningewaona wale wawili kwenye kilio au kwenye harusi ningeelewa kabla hawajakaa. Lakini niliwaona darasani, kwa Kiingereza, na akili yangu ikawa kama imeacha kila kitu nje pamoja na baiskeli. Sikuwahi kuwaza kwamba mkwe ni mkwe hata kwa Kiingereza.

Nilirudi nyumbani nikavaa vipokea sauti vya masikioni na kusikiliza dakika zile nane upya.

Walikuwa wameongea kila kitu. Mama alisema kuna mtu anaweza kufikiri wageni walale Singida mjini, lakini yeye anaona walale hapa hapa, nyumba ya wageni ipo karibu na barabara. Fundi akasema, madam, wazo hilo ni la heshima, ila maji ya nyumba ile hayaaminiki, huenda mtu mwenye busara angepeleka madumu mapema. Mama akasema, madam, aliyetaja maji ametaja jambo kubwa, madumu yatapelekwa, lakini chakula kisiwe cha hotelini, kuku wa kienyeji wapo. Walipingana kuhusu kuanza na shamba au kuanza na mashine. Mama alishinda kwa hoja ya jua kali. Wakamaliza wamekubaliana yote matatu, walale, wale, waone, na katikati sauti yangu mwenyewe inauliza kama wamegombana.

Nikafuta ile moja, nikaandika nne kwa penseli. Nikafikiri: lakini hawakujibizana ana kwa ana, na kipengele kinasema ana kwa ana. Nikafuta nne. Nikaandika tatu, nikaona tatu ni woga. Karatasi ikachanika. Nilimpigia msimamizi wangu, akanisikiliza kwa uvumilivu, akasema kipimo ni kipimo, mila iandikwe kwenye maelezo ya chini. Kama nataka wapimwe upya, niwape wenzi wengine, ila niharakishe.

Kwa hiyo Jumanne niliendesha baiskeli mpaka kwa mama. Alikuwa uani, ameinama juu ya turubai anageuza alizeti kwa mikono. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kugeuza.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Sikujua habari ya barua."

"Ungejuaje? Bado hatujatangaza."

"Ungenivuta pembeni uniambie."

"Nikuvute vipi, mwalimu? Yeye yuko pale ndani, anasikia. Nje watu wamejaa mlangoni. Niseme kwa sauti kwamba huyu ananiolea mtoto?" Alinyooka, akashika kiuno. "Nilifikiri utaona."

Nikamweleza habari njema niliyodhani nimemletea. Tutafanya upya kesho, na mwenzi wake atakuwa mhazini, au hata mimi mwenyewe. Atapata alama zake. Nafasi bado ipo.

Hakufurahi. Alichukua punje kadhaa akazitazama, akazirudisha.

"Na mimi na fundi ndio basi? Wageni wakija, mashine anaijua nani? Si yeye? Mimi nitakuwa msemaji, yeye ndiye mwenye majibu, na mwezi wa nane anaoa kwangu. Kila siku itakuwa vile vile, mwalimu. Usinipime na mtu mwingine, ambaye kazini sitaongea naye."

"Sasa nikupime vipi, mama?"

Hapo alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika.

"Mwalimu, Jumamosi ile mimi niliongea. Nilipanga maneno yangu vizuri, nikayaleta kwako. Yule naye akayaleta kwako. Na wewe umekaa katikati, unatuangalia. Ungesema tu, amesema hivi. Basi. Mtoto wa miaka sita anaweza. Umetuacha tunapiga kelele kama watu wawili waliotumbukia kisimani. Iliniuma sana. Nilirudi hapa nikalia."

Nilitaka kumweleza habari ya ukurasa wa tatu, nikaona aibu kuutaja ukurasa mbele ya mtu aliyelia. Nilijisikia nimefanya kosa ambalo hata jina lake silijui: kosa la mtafiti, au la mwalimu, au la mtoto aliyetumwa akasimama njiani. Nikamwambia tutafanya anavyotaka yeye.

Jumatano saa kumi alasiri tulifanya kwenye banda la mashine. Mama alikaa ndani ya stoo, kwenye magunia. Fundi alikaa nje kwenye tofali, mgongo ukutani. Mimi nilisimama mlangoni na simu mkononi, nikaona kazi ni rahisi. Kadi nilikuwa nimeandika mpya: wageni wanafika kesho na mashine imeharibika leo. Mfanye nini.

Walianza wote kama waliokuwa wamefungiwa. Mama alisema kwa Kiingereza mambo kama matano kwa mkupuo: wageni wasidanganywe, waonyeshwe mashine ikiwa imefunguliwa, waone kwamba kikundi kina fundi wake, na mafuta ya wiki iliyopita yawepo ya kuonja, na asiyeijua mashine asijibu maswali ya mashine. Nikamgeukia fundi, nikasema kwa Kiingereza changu cha shahada ya pili kwamba mama anashauri tuseme ukweli.

"Madam," ikasema sauti kutoka kwenye magunia, "sijamaliza hapo. Umeacha mafuta. Umeacha na fundi."

Nikarudia. Fundi akajibu kwa sentensi ndefu yenye mikanda, beringi na visu vya ndani ya mashine, na vingine ambavyo sikujua vinaitwaje hata kwa Kiswahili. Nikamwambia mama kwamba kuna vifaa vinahitajika.

"Vifaa gani, madam? Muulize vizuri."

Nikamuuliza. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu mzito wa kuelewa. Nilipofika kwa mama nilikuwa nimeshasahau kimoja, na fundi kwa adabu kubwa akakitaja tena hewani, hakumtajia mtu. Tulikwenda hivyo dakika kumi na mbili. Nilirudia, nilikwama, nilisema "enhee" mara nyingi, nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Mwishoni walikuwa wamepanga siku nzima ya wageni, na mama akacheka mle ndani, fundi akacheka nje, na mimi nikawa katikati nimelowa jasho, sielewi vizuri kama nimepima au nimepimwa.

Nilituma sauti Dodoma usiku huo huo. Sikueleza chochote, kwa kuwa msahihishaji wa pili hatakiwi kujua. Niliandika tu: jozi ya nne, wamerudia, naomba alama kabla ya Ijumaa. Sikujua kama nilichofanya kinaruhusiwa. Nilisoma mwongozo wote tena, kurasa kumi na moja, na ukiacha ile "enhee" na kichwa cha ukurasa wa tatu, hapakuwa na mahali palipokataza wala palipokubali msimamizi kubeba maneno ya watahiniwa.

Alhamisi mchana, nikiwa kwenye chumba cha walimu, jibu lilikuja. Alisema amefurahi kusikia mazungumzo ya watu wazima yenye maana kiasi kile, ingawa hakuambiwa kwamba safari hii wapo watatu. Yule mama, tano. Yule wa mashine, nne. Kisha akaandika: "Mtahiniwa wa tatu, aliye katikati yao, matamshi yake ni mazuri lakini anapoteza nusu ya anachoambiwa, na wenzake wanalazimika kumsaidia. Nimempa mbili. Nitumie jina lake nijaze fomu."

Kwa tano ile mama alikuwa amempita mwenye duka, kwa hiyo nilijaza jina lake kwenye barua ya kampuni kwanza, nikaifunga na kuiweka kwenye mkoba, maana hiyo ilikuwa na haraka. Halafu nikaifungua tena ile simu, nikausoma ujumbe wake mara ya pili na ya tatu huku wenzangu wakiulizana nani amechukua chaki. Nikamwandikia jina langu.